Majike wa Buluu

Kazini walimwita Njemba, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi. Alikuwa mwanamke, mlishaji wa kereng'ende katika jengo la watafiti. Alinyoa kipara, akavaa ovaroli ya buluu ya mafundi, akajifunza kutema mate mbali. Kabla ya hapo msimamizi alikuwa hamwachi apumue, mara mkono kiunoni, mara mlango wa stoo umefungwa. Baada ya ovaroli akaanza kumsalimu kama wanaume wenzake.

Hila hiyo aliiiba vizimbani. Kereng'ende madume waliofugwa humo ni wa buluu. Majike wengi ni wa kahawia, nao huandamwa mchana kutwa, hata kutaga hawapati nafasi. Lakini wapo majike wachache wa buluu kama madume, na hao hupita katikati yao salama salimini.

Kisha kaka yake akaachishwa kazi, na Njemba akamtafutia mke wa kaka kibarua hapohapo. Siku ya kwanza tu, mwanamke wa watu akarudi kutoka stoo kilemba kimefunguka.

"Wifi, nitafutie na mimi ovaroli kama yako."

"Zimekwisha."

Zilikuwapo mbili, chini ya magunia. Ila Njemba alikuwa amekiona kizimba cha mwisho, ambako watafiti waliongeza majike wa buluu wakawa tele. Madume wakashtuka, wakaanza kuwarukia hao hao, wale wa kahawia wakapumzika. Ujanja wa wengi si ujanja tena. Damu nzito kuliko maji, sawa, lakini wifi si damu.

"Vaa gauni lako, linakupendeza," alimwambia, akimfunga kilemba vizuri. "Yule mzee maneno tu, hana lolote."

Wifi akacheka kidogo, maana alimwamini.

Mchana msimamizi akamwita wifi tena stoo. Njemba akainamia beseni la viluwiluwi wa mbu. Mlango ukafungwa.

"Wifi!" sauti ilisikika kutoka ndani, mara moja. "Wifi yangu!"

Njemba aliona aibu, tena kali. Halafu ikapita, ikabaki nafuu. Akafunga vifungo vya ovaroli mpaka shingoni, akaendelea kulisha.

Msimamizi alipotoka alimpiga Njemba begani kirafiki.

"Vipi, mwanangu, kazi inakwenda?"

"Inakwenda, bosi," akajibu kwa sauti nzito, akatema mate mbali.