Mashuka kwenye nyasi za Joubert Park

Jumamosi asubuhi, bustanini Joubert Park, mlinzi Mrundi alimkuta mama Mkongo, mfua nguo, ametandaza mashuka ya wateja kwenye nyasi.

"Mama, toa, au nayabeba yote."

Mimi niliyekuwa karibu nilishakunja mikono ya shati nimtetee mama, ndipo mzungu mzee benchini akaniomba niwatafsirie maneno yake. Kwao Uskoti, alisema, uwanja wa nyasi wa kijiji ni wa wote. Tangu enzi za bibi zake wanawake walianika nguo pale, na kijiji kiliweka mlinzi zisiibwe.

"Umesikia, papa?" mama akamwambia mlinzi. "Wenzako wa huko kazi yao ndiyo hiyo."

Mlinzi akacheka. "Eish, mama! Mpaka saa sita, basi."

Akabaki kasimama pale pale, akiyalinda mashuka. Mimi nasema wazi: kibao cha bustani kinakataza kuanika, ila hakimwambii mtu kama mama huyu, anayeishi ghorofa ya tisa, aanike wapi.