Ersilia Alivyouonja Ukuta wa Padova

Mke wangu Ersilia hutunga shanga. Ukipita asubuhi kwenye uchochoro wetu, mtaa wa Castello mjini Venezia, utamkuta ameketi mlangoni kwenye kiti kifupi, sinia la mbao lenye shanga liko mapajani, na mkononi ameshika sindano arobaini ndefu alizozitandaza kama pepeo. Anazichovya kwenye shanga, shanga zinapanda sindanoni, na muda wote huo mdomo wake hausimami. Wanawake wengine watatu wanakaa karibu naye na kazi ile ile. Shanga zikishatungwa hupelekwa nchi za mbali, sijui nani anazivaa. Alianza kazi hiyo ana miaka tisa, na sasa ana hamsini na mmoja.

Mimi nafunga kamba kwenye boti la abiria. Boti likikaribia gati natupa kamba, naizungusha kwenye nguzo, nafungua lango, watu wanashuka, wengine wanapanda, nafunga lango, naachia kamba. Kazi hiyo inamfaa mtu mwenye haya. Unaweza kumaliza siku nzima hujasema neno zaidi ya "shukeni" na "pandeni".

Nyumba yetu iko chini kabisa, usawa wa njia. Bahari ikijaa sana, maji yanaingia. King'ora cha mji kinalia, sisi tunapandisha viti juu ya meza, godoro juu ya kabati, tunavaa viatu vya mpira na kungoja yashuke. Mwaka wa sitini na sita yalipita kiunoni na hayakushuka mchana kutwa. Mimi nilikuwa kazini, nikakwama upande wa pili wa Venezia, nikafika nyumbani kesho yake. Nilimkuta Ersilia ameketi juu ya meza, amekumbatia sinia lake.

"Umechelewa," aliniambia. "Supu imepoa."

Alicheka. Mimi sikuweza. Tangu siku ile sijapata kutulia ndani ya nyumba hiyo.

Basi mwaka huu, wa sabini na nane, binamu yangu alinitafutia nyumba Padova, nchi kavu, nusu saa kwa treni. Ghorofa ya tatu. Mwenye nyumba, mjane aitwaye Zaramella, alisema atatungoja mpaka Jumamosi saa kumi na moja jioni, na baada ya hapo atampa mtu mwingine. Nilimwambia Ersilia kwamba ni kwa ajili ya magoti yake, yaliyoharibiwa na unyevu. Hakukubali wala hakukataa.

"Nionyeshe mji kwanza," alisema. "Unitembeze, unilishe kama mgeni wa heshima. Saa kumi na moja nitakujibu. Lakini sikiliza, Olindo. Ukiniuliza hata mara moja kabla ya hapo, jibu ni hapana."

Jumamosi hiyo, kabla ya kutoka, tulipandisha viti juu ya meza, kama tunavyofanya kila tukiondoka miezi ya baridi. Kwenye treni nilitazama saa yangu mara nyingi mpaka Ersilia akaifunika kwa kiganja chake.

Shida ilianza nje ya kituo. Ersilia alikuwa hajawahi kuvuka barabara ya magari. Kwetu hakuna gari hata moja, ni vichochoro na mifereji tu. Alisimama ukingoni akaukamata mkono wangu.

"Watu wanavuka lini?"

"Taa ikiwa ya kijani."

Taa ikawa ya kijani. Hakusogea.

"Twende basi."

"Taa imewaambia wao wasimame. Na kama hawakusikia?"

Ikawa nyekundu, ikarudi kijani, ikawa nyekundu tena. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli alipiga kengele nyuma yetu. "Mama, utaota mizizi hapo!"

"Nikiota utazunguka!" Ersilia alimjibu. "Una magurudumu, hutachoka!"

Mwishoni tulivuka nyuma ya mtawa mmoja mnene, kwa sababu Ersilia alisema hakuna atakayethubutu kumgonga yule. Mimi nilikuwa nalowa jasho ingawa kulikuwa na baridi. Moyoni nilikuwa nahesabu kama kwenye mchezo: barabara moja, tumeshindwa.

Tukapanda basi. Basi liliposimama kituo cha kwanza nikajikuta nimeshika bomba la mlangoni, nasema kwa sauti, "Shukeni." Wazee wawili wakashuka. Ersilia aliweka leso mdomoni, mabega yakawa yanamtikisika mpaka kanisani.

Kwenye kanisa la Mtakatifu Antonio watu hupanga foleni kuweka mkono juu ya jiwe la kaburi lake. Ni mtakatifu wa wanaotafuta vilivyopotea. Ersilia alibandika kiganja chake, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka mwanamke wa nyuma akakohoa.

"Dada, na sisi tuna shida zetu."

"Zangu ni za leo leo, mwenzangu. Zako zinaweza kungoja?"

Tulipotoka nilitaka sana kujua alichoomba. Nilijing'ata ulimi. Nikajifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Nikampeleka kwenye uwanja mkubwa wenye sanamu nyingi za mawe kuzunguka mfereji wa maji. Nilidhani mfereji utamfurahisha. Aliinama kwenye ukingo akatazama kwa muda.

"Hayaendi popote," alisema.

"Nini?"

"Maji. Hayapandi, hayashuki. Kama maji ya ndani ya beseni."

"Si ndiyo uzuri wake?"

Alinitazama pembeni. "Hilo ni swali, Olindo?"

"Hapana, hapana. Nilikuwa nasema tu."

Tulikula kwenye nyumba moja ya chakula nyuma ya soko, kwenye meza ndefu wanapokaa watu wasiojuana. Wengi walikuwa wafanyakazi wa kiwandani wenye nguo za kazi. Mama mwenye mahali hapo, mwenye mikono minene kama mwokaji, alitutajia vyakula bila karatasi: tambi nene za mchuzi wa bata, kuku wa kuchemsha, nyama ya farasi kwa mchuzi.

"Farasi?" Ersilia alishtuka. "Ukubwa wangu wote huu nimeona farasi wa shaba tu, juu ya kanisa. Leo nianze kwa kumla?"

"Mjaribu, mama," alisema kijana wa upande wa pili. "Yule hapigi teke tena."

Meza ilicheka. Ersilia akaagiza farasi, mimi bata. Alikula vizuri, akapangusa mchuzi kwa mkate, akamwuliza kijana kama ameoa na kwa nini bado. Mvinyo ulikuwa mwepesi na mzuri. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilianza kuona kwamba itawezekana.

Saa saba kamili king'ora kikalia.

Sikukumbuka kufikiri. Nilisimama, nikaunyakua mkoba wa Ersilia chini nikauweka mezani, nikainua kiti changu nikakipandisha juu ya meza kati ya sahani. Ersilia naye alikuwa amekwisha vua viatu, ameviweka pembeni ya mkate, na ananyanyua kiti cha jirani yake, ambacho jirani alikuwa bado amekikalia. Mimi nilikuwa nakunja suruali. Mguu mmoja wa suruali ulikuwa umefika gotini.

Ndipo nikainua macho. Watu thelathini walikuwa na vijiko hewani.

"Ni cha kiwanda," kijana alisema taratibu, kana kwamba anazungumza na mgonjwa. "Kinatuita kazini."

Mama wa chakula alitoka jikoni, akatazama kiti juu ya meza, akaweka mikono kiunoni. "Mnatoka Venezia," alisema. Hakuuliza. "Shangazi wa mume wangu naye alihamia hapa. Alikuwa ananipandishia viti kila siku saa saba. Miaka kumi na minne, mpaka anakufa."

Wote wakacheka, na Ersilia akacheka kuliko wote, mpaka machozi. Nilikunjua suruali, nikateremsha kiti, masikio yangu yanawaka. Nilipomtazama tena alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anavaa viatu polepole sana.

Kuanzia hapo hakusema mzaha. Tulivuka barabara tatu, na alivuka bila kunishika mkono, jambo lililonitia wasiwasi zaidi.

Bibi Zaramella alitufungulia saa kumi kasorobo. Nyumba ilikuwa safi, vyumba vitatu, jiko lenye dirisha la jua. Nilimwona Ersilia anapita chumba kwa chumba amefunga mikono nyuma. Kwenye chumba cha kulala aliinama kwa taabu, akakwaruza ukuta kwa ukucha, usawa wa goti, akatia kidole mdomoni.

"Bibi, unafanya nini?" Bibi Zaramella alipaza sauti. "Rangi hiyo ni mpya!"

"Hauna chumvi," Ersilia alisema.

"Ukuta uwe na chumvi kwa nini?"

Kwetu kuta zote za chini hutoa chumvi nyeupe, na mtu akienda kuangalia nyumba huonja kwanza. Alikwaruza tena mahali pengine, akaonja. Alifika dirishani.

"Wanawake wa hapa wanakaa wapi?"

"Wanakaa kufanya nini?"

"Kukaa."

"Kila mtu anakaa kwake, bibi. Hapa ni watu wastaarabu."

Ilikuwa bado saa nzima, lakini Ersilia alinigeukia. "Nyumba ni nzuri, Olindo. Ni kavu. Umenitafutia nyumba nzuri na umenilisha vizuri. Jibu ni hapana."

"Magoti yako," nilisema.

"Acha magoti yangu. Umesikia habari za yule shangazi? Miaka kumi na minne. King'ora kikilia nitapandisha viti, hapa au kule. Nikivipandisha hapa, mimi ni kichaa wa ghorofa ya tatu. Nikivipandisha kule, wenzangu wote wanavipandisha."

"Siku ile sikuwepo," nilisema. Sijui kwa nini niliyasema hayo mbele ya mgeni. Sikuwahi kuyasema hata tukiwa wawili. "Siku ya maji. Kila nikienda kazini naiona ile meza."

Bibi Zaramella akaanza kuangalia dari. Ersilia alinyoosha kola ya koti langu.

"Najua. Magoti hayajawahi kukukosesha usingizi. Basi tutafute nyumba ya juu, lakini huko huko Castello, kwenye uchochoro wenye mlango wa kukalia. Nitashuka ngazi na sinia langu kila siku na kukulaani kila ngazi. Hilo linakutosha?"

Nilisema litanitosha. Sina hakika kama lilinitosha. Nyumba za juu kwetu ni chache, na anayeipata haiachi. Tulipokuwa tunashuka nilitazama saa, nikakumbuka kwamba sina tena ninachokingoja.

Tulifika nyumbani bado kuna mwanga. Viti vilikuwa juu ya meza, kama tulivyoviacha. Niligusa sakafu kwa kiganja: kavu. Nikateremsha viwili. Ersilia akachukua chake kifupi akakitoa nje mlangoni kuwasimulia wenzake habari za farasi, na nikamsikia, kabla hajakaa vizuri, anauliza nani anajua chumba kitupu ghorofani.