Waliobisha Hodi kwenye Kompyuta ya Mzee Halfani

Mzee Halfani wa Mpanda mjini hajui kumwambia mtu hapana, na mkewe Shamsia yuko tayari kula kiapo juu ya hilo. Miaka thelathini alifanya kazi reli, na kila abiria aliyekosa pa kulala alilala kwake. Wafugaji waliotoka Usukuma na familia zao, wachuuzi wa samaki wa Karema, warina asali wa Ugalla, wote wamekunywa uji wa Shamsia. Akilalamika, mumewe humjibu, "Mtu kabisha hodi, Mama Hadia. Nimwambie nini?"

Sasa mtu wa namna hiyo umpe kompyuta!

Aliyempa ni binti yake Hadia, nesi huko Mwanza, ili Jumapili wawe wanaonana uso kwa uso. Akaiweka katika Kiswahili kabisa, baba asome mwenyewe. Mzee akawa anaingia humo kutafuta habari za mpira na bei ya mahindi, na kila alikopita kikazuka kisanduku kidogo: tovuti fulani inataka kukuonyesha arifa. Chini yake maneno mawili, Zuia na Ruhusu. Halfani amzuie nani? Mtoto wa watu kabisha hodi, kaomba kwa adabu. Mzee akaruhusu. Akamruhusu wa pili, akamruhusu na wa thelathini. Mwingine akamwambia kompyuta yake ni chafu, amwachie aingie kuisafisha bure, na mzee akamshukuru kwa sauti.

Baada ya miezi miwili mashine ikawa kama mnadani. Ukigusa hapa linaibuka tangazo la kamari, ukigusa pale dawa ya nguvu za kiume. Hujalifunga hilo, msichana aliyevaa nusu anakukonyeza kutoka pembeni na kudai yuko karibu nawe. Shamsia alikuwa akimfunika kwa kanga na kuendelea na kazi zake.

Yangebaki mambo ya kucheka tu, kama si posa. Naseeb, mtoto wa rafiki mkubwa wa Halfani wa kule reli, alileta barua ya kumwomba Hadia, na wazee wake wangekuja Jumamosi kuchukua jibu. Kwenye simu Hadia alishasema, "Sawa baba, kama nyie mmeridhia." Jibu hilo lilimkaa Halfani kooni kama mwiba wa samaki. Alimjua mwanawe. Kumlea alimlea yeye, na kukataa hakumfundisha. Je, kama anakubali ili baba asiaibike kwa rafiki yake? Akaapa hatatoa jibu mpaka Hadia aulizwe mwenyewe mbele ya wazee, kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, baba amwone macho.

"Kioo hicho hicho chenye mabinti uchi?" Shamsia akauliza.

Alhamisi wakamwita Dieudonne, fundi kompyuta kutoka Katumba. Fundi akatazama, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mzee, hii dawa yake ni kufuta vyote na kupiga windows upya. Niachieni mpaka Jumatatu."

"Jumatatu wageni watakuwa wameshakula pilau wakaondoka," Shamsia akasema. "Hakuna njia nyingine?"

"Ipo, mama. Tuwatoe mmoja mmoja."

Kwanza akakiondoa kile kisafishaji cha bure, maana ndicho kilichokuwa kikiwaita wenzake. Kisha akafungua orodha ya wote waliopewa ruhusa. Walikuwa arobaini na mmoja. Shamsia akaonyeshwa pa kubonyeza, akashika mausi, akawa anatoa mmoja baada ya mwingine kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha. Halfani alisimama nyuma yake akiwaombea.

"Huyo alikuwa ananiletea hali ya hewa."

"Ya wapi?"

"Ya Brazili."

"Atoke."

Kufikia Magharibi kioo kilikuwa kimetulia. Dieudonne akamkazia mzee macho. "Humu ndani hodi si hodi, mzee wangu. Kisanduku kikitokea, bonyeza Zuia. Umenisikia?" Halfani akayarudia maneno hayo kama mtoto wa madrasa, kwa sauti ya unyonge. Shamsia akamwonea huruma. Alimpenda mume wake na wageni wake wote, ingawa hilo hajawahi kumwambia.

Jumamosi wazee wanne wakaketi mkekani na kanzu zao, mshenga mbele, baba yake Naseeb kando yake. Halfani akakataa kusaidiwa. Akafungua mwaliko wa simu ya video aliotumiwa na Hadia, na papo hapo kikatokea kisanduku: kinaomba kutumia kamera na maikrofoni. Akakumbuka maneno ya fundi. Akabonyeza Zuia, akageuka kumtazama mkewe kwa majivuno.

Hadia akatokea kiooni na ushungi wake mpya, rafiki yake Zakia pembeni.

"Asalaam aleikum, mwanangu," mshenga akasema.

Hadia hakujibu. Alikuwa amesogeza uso, anachungulia.

"Naona jina la baba tu," akamwambia Zakia. "Wenyewe siwaoni wala siwasikii. Watakuwa bado wanahangaika na mashine."

Shamsia ndiye aliyeelewa kwanza. Ile Zuia ilikuwa imeziba kamera na maikrofoni yao: wao walikuwa wanamwona na kumsikia, na yeye hajui. Akanyoosha mkono kuchukua mausi, lakini maneno ya kiooni yakamsimamisha.

"Wakikuuliza utasema nini?" Zakia akauliza.

"Niseme nini? Nitainama ninyamaze, ndiyo desturi." Hadia akacheka, kisha uso ukabadilika. "Ila baba ananitia huruma. Anadhani nakubali kwa ajili yake. Shoga, mimi ndiye niliyemsumbua Naseeb mwaka mzima mpaka akaleta hiyo barua. Namtaka kufa! Wakighairi leo, napanda treni nikampose mwenyewe."

Mshenga akajifunika uso kwa kofia. Baba yake Naseeb alikuwa anatikisika mabega.

Halfani hakucheka. Mwiba ulikuwa umetoka kooni, na machozi yakachukua nafasi yake.

"Mruhusu, Mama Hadia," akasema. "Mruhusu mtoto."

Shamsia akabonyeza pale alipofundishwa, akabadilisha Zuia kuwa Ruhusu. Kule Mwanza Hadia akashtuka, akavuta ushungi haraka. "Shikamooni! Ndiyo mnaingia sasa hivi?"

Mshenga akakohoa, akavaa kofia vizuri, akamuuliza kwa taratibu zote kama ameridhia kuolewa na Naseeb.

Hadia akainamisha kichwa, akanyamaza kimya.

"Basi," Halfani akasema, akijifuta macho kwa pindo la kanzu. "Tumemsikia."