Siku Wageni Walipokula Hesabu ya Kijiji

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na hata leo nikiisimulia siwezi kutulia, nitakaa, nitasimama, nitakaa tena, kwa hiyo mnivumilie. Mimi Eliamini ndiye niliyewalisha wageni hesabu ya kijiji kizima. Mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea.

Ilikuwa enzi za ujamaa, kila jambo mkutano, na mimi kijana nimemaliza shule majuzi tu (basi najiona msomi kweli kweli) nikajitolea kwenye chama kimoja cha hisani cha pale Same. Chama kilikuwa na gari moja la kliniki, na gari lenyewe lilikuwa linasimama bondeni tu, huko barabarani, sisi wa huku juu mlimani, kijijini Myamba, ukiwa na mtoto mgonjwa unambeba mgongoni unateremka naye mlima, ukifika umefika. Dada yangu Nangasu masika yale alimteremsha mwanawe mwenye degedege, akakuta mto umejaa, akarudi naye hivyo hivyo bila dawa, na tangu hapo mtoto akipata joto kidogo tu dada anatetemeka. Sasa chama kikasema gari linaweza kupanda mlimani, ila kwanza kijue kwa hakika ni wapi watoto wanaugua na hawafiki, lisiende kwa wenye kelele likawaacha wenye shida.

Lakini utamuulizaje mama wa watu jambo kama hilo, alitamke mbele ya kijana kama mimi? Nesi wa chama, Sista Nakijwa, akapata njia. Nipite nyumba kwa nyumba na kikapu chenye mfuniko, mama atie punje ya hindi kwa kila mtoto aliyeugua masika yale akafika kliniki, na punje ya haragwe kwa kila aliyeugua asifike. Hasemi kitu, hakuna anayeona. Siku ya mkutano kikapu kinamwagwa mbele ya watu, maharage yakizidi mahindi, gari linapanda.

Nikapita kote. Jioni ya kuamkia mkutano mvua ikashuka, na mimi na kikapu changu nahangaika, nikiweke wapi, ofisi ya kijiji inavuja, kwangu panya. Nikakipandisha darini jikoni kwa mama, juu ya moto, kikae pakavu. Mama alikuwa amerudi siku hiyo hiyo kutoka Lembeni kwa mjomba, habari za wageni amezisikia njiani, za kikapu hazijui, amechoka amejilaza, nikaona nimwamshe nimwambie nini? Nikaenda zangu.

Asubuhi nafika, wageni wameshawahi, wamekaribishwa kwetu kwa kuwa nyumba yetu ndiyo iliyo karibu na uwanja, Sista na mzee mmoja wa kamati mwenye miwani, na kila mmoja ana sahani ya makande. Nikatoa shikamoo, nikaitikiwa marahaba huku wanatafuna. Nikaingia jikoni, nikatazama darini. Kikapu kilikuwa chini, kando ya mafiga, kitupu.

"Mama, vilivyokuwa humu viko wapi?"

"Si hayo makande? Nimeyabandika tangu alfajiri. Nimekuta umeshanichanganyia mahindi na maharage, nikasema mwanangu sasa amekua, anajua wageni wanakuja. Nikaongezea ya kwangu kidogo yatoshe."

Nikashika mwiko nikaanza kuchambua sufuriani, hindi huku, haragwe huku, nimefika mbali kidogo ndipo nikakumbuka kwamba ameongezea ya kwake, na huko nje Sista anasifia chumvi na kuomba aongezewe. Mtu mwenye akili angetoka akasema yaliyotokea. Mimi nikafungua magunia ya mama, nikajaza kikapu upya, maharage mengi kuliko mahindi, maana ukweli si niliujua? (Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, na jasho linanitiririka.)

Uwanjani watu walijaa. Sista akamwaga kikapu kwenye mkeka, akaanza kutenga, maharage kulia, mahindi kushoto. Mama Ruth, jirani yetu, akasogea, akainama, akaangalia sana.

"Sista, mimi nilitia fiwi, maharage nyumbani yalikuwa yamekwisha. Fiwi yangu siioni."

"Na yangu yalikuwa meusi," akasema mwingine.

Kweli, mkekani yote mekundu, yanang'aa, ya gunia moja. Macho yote yakanigeukia.

"Eliamini," Sista akasema taratibu, "hizi ndizo punje zile?"

Nilikusudia kusema ndiyo. "Zile zimeliwa," nikasema.

"Zimeliwa na nani?"

"Na wewe, Sista."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akakaa chini. Mimi natafuta pa kupita, hapapitiki. Kisha mzee wa kamati akafuta miwani yake akasema, bila ukali, kwamba bila hesabu hana la kupeleka Same, na vijiji vingine vimeshaleta za kwao. Kicheko kikakatika palepale.

Dada Nangasu akasimama, mtoto mgongoni. Akaenda upande wa kulia wa mkeka. "Wangu hakufika," akasema. Mama Ruth akamfuata, "Wangu wawili," akaanza kulia. Wakaja mmoja mmoja, mbele ya waume zao, mbele ya wakwe, wakatamka kwa midomo yao yale ambayo kikapu kiliwekwa ili wasiyatamke. Niliinamisha kichwa. Wa kushoto walikuwa wachache. Sista alikuwa anaandika na machozi yanamdondoka.

Mwisho akasimama mama yangu, akaenda kulia.

"Mama, tunahesabu wa masika haya," Sista akamwambia kwa upole.

"Najua. Wangu ni wa zamani. Alinifia mgongoni, barabara naiona."

Gari lilianza kupanda kabla ya vuli, na mtoto wa Nangasu leo ana watoto wake. Watu waliniita Karani wa Makande, na wengine bado. Lakini siku ile tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimwuliza mama mbona hajawahi kunieleza habari za yule mtoto.

"Alikuwa wa kike, amekutangulia wewe," akasema. "Ungeniuliza ningekuambia."

Tangu hapo nikitumwa kuuliza watu habari zao, naanzia kwetu.