Ya Espé, aliyemrudishia kila mtoto namba yake

Jamani, vidole vinaandika lakini kichwa kimekataa katakata. Ya Espérance, dada yetu mkubwa, hayupo. Homa ya siku tatu tu, na jana asubuhi tumempoteza.

Mnaonifuata hapa mnajua sipendi kulia hadharani. Nimeshalia. Sasa nataka nimsifu dada yangu wa kazi, maana alishinda, na wengi hawajui alishinda nini.

Miaka ile ya vita tulikuwa wawili katika ofisi ndogo ya parokia, hapa Kabondo, Kisangani. Kazi yetu ilikuwa kutafuta watoto waliopotezana na wazazi wao wakikimbia.

Madaftari ya vituo vyote vilivyopokea watoto yalipigwa picha, na programu moja ilisoma mwandiko na kulinganisha majina. Ilihitaji siku nne mfululizo kumaliza. Umeme wetu? Siku njema, masaa matano!

Ukikatika, programu inarudi ukurasa wa kwanza. Fundi aliyeiandika alishahama nchi bila kutuachia hata mstari mmoja wa code, kwa hiyo hatukuweza kuibadilisha.

Kila asubuhi Mama Masika alikuja kukaa kwenye benchi letu. Alikuwa amekimbia kutoka Butembo, na bandarini, katika msukumano, binti yake alipandishwa mashua ya watu wengine.

"Mashine inasema nini leo?"

"Bado, mama."

"Bon. Nitarudia kesho."

Ile "bon", yaani haya basi, ilimchoma Ya Espé kuliko matusi.

Ndipo akaja na mambo ya checkpoint. Umeme ukikatika, betri chini ya meza ilitupa dakika chache. Katika dakika hizo anaigandisha programu yote kama ilivyo na kuiweka kwenye diski. Umeme ukirudi, restore, kazi iendelee pale pale ilipoishia.

Wiki nzima ikagoma. Nikamwambia aache, tutafute njia nyingine. Alinitazama kama nimemtukana mama yake.

Shida ilikuwa namba. Kila programu ikiamka, mashine huipa namba yake. Yetu ilikuwa programu mama iliyogawia kazi programu ndogo nne, watoto wake, na huyo mama aliwaita wanawe kwa namba tu. Ukimrudisha mtoto na namba nyingine, mama anaita, haitikiwi, na kazi yote inaanguka.

Na kila umeme uliporudi, namba ya mtoto mmoja, 1412, ilikuwa imeshachukuliwa. Na nani?

Na mimi, ndugu zangu. Mimi! Nilikuwa nimepanga nyimbo za kwaya zijipige zenyewe mashine ikiwaka, ili nikiwa uani nijue umeme umerudi, na hizo ndizo zilizowahi 1412. Nilijiona mjanja kweli.

Ya Espé alitoka nje ameshika kiuno.

"Béa! Kwaya yako iko naikala mu kiti ya mutoto wangu!"

"Pardon, Ya Espé, sikujua…"

"Pardon ya nini? Zima ile kwaya! Kuya, nikuonyeshe kitu."

Tukapanda pikipiki mpaka bombani kwao Mangobo. Maji yalikuwa yamekatika, na hapakuwa na mtu hata mmoja. Zilikuwepo bidoni tu, madumu ya maji, zimepangwa mstari, kila moja pale mwenyewe alipoiacha.

"Unaona? Batu banaenda kwao, bidon inabakia. Maji ikirudia, kila mutu iko na fasi yake. Alors, na sisi tupange bidon mbele bomba haiyafunguliwa!"

Kesho yake alifanya hivyo hivyo. Umeme ulirudi, na kabla programu nyingine yoyote haijaamka alifunga mlango wa kutolea namba, akaanza kumrudisha mama, kisha watoto. Mashine huweka kumbukumbu ya namba iliyotolewa mwisho. Yeye akaiandikia pale kwamba ya mwisho ni 1411. Aliyezaliwa papo hapo akapewa 1412.

Mama akaita. Mtoto akaitika! Ukurasa ulioachwa katikati ukaendelea kutoka katikati.

Oh my God, kelele tulizopiga siku ile! Padri alikuja mbio akidhani vita vimeingia uani.

Umeme uliendelea kukatika, na sisi tukawa tunaucheka. Katika, bwana, katika utakavyo!

Alhamisi moja mchana karatasi ikatoka: Masika, miaka sita, mama yake ni wa Butembo. Yuko Isangi, nyumbani kwa mvuvi na mkewe.

"Soma tena," akasema Mama Masika. Nikasoma mara tatu. Mara hii hakusema bon. Alifungua kitenge chake cha juu, akamfunga Ya Espé kiunoni, wakacheza mpaka benchi likaanguka.

Siku chache baadaye pirogi ilipanda mto na Masika ndani yake. Baada yake walikuja wengine, na wengine tena. Ya Espé aliwapokea wote bandarini, akijidai kama mama mkwe kwenye harusi. Alikuwa na haki!

Sasa sikilizeni ya leo asubuhi. Kabla homa haijamlaza, Ya Espé alikuwa amepanga bidoni yake ya njano pale bombani Mangobo. Maji hayakutoka tangu siku ile. Leo yametoka.

Mtaa mzima unajua mwenye bidoni hiyo amefariki. Mstari ukasogea, ikafika zamu yake, na hakuna aliyeiruka.

Masika, ambaye sasa ni msichana mrefu kunipita, aliijaza, akajitwika mpaka matangani. Maji hayo ndiyo tunayopikia wageni wako, Ya Espé, ninapoandika haya.

Fasi yako iko pale, ya wangu. Hakuna mutu ameikamata. Umeshinda, sasa lala, lala salama.