Picha ya Mkojo Haibandikwi Hadharani

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nasaga meno. Tulikuwa machimboni, upande wa Bulyanhulu, shimo dogo tu la wachimbaji wa kamba na nyundo. Mvi zilikuwa zimeshaanza kunitembelea, lakini bado nilijihesabu kijana, maana nilishuka duarani, ndani ya shimo, pamoja na wenye ndevu changa.

Siku hiyo akaja bwana wa afya, jina lake Renatus. Namtaja, sina sababu ya kumficha. Alikuja kutafuta wanaume wenye shida ya mkojo, ile ya tezi dume. Akaleta karatasi ya picha badala ya maandishi, na hapo simlaumu, wengi wetu shule tuliipitia mlangoni. Mimi mwenyewe niliacha darasa la pili nikaenda kuchunga. Ile karatasi ilichorwa kwa ajili ya watu kama mimi. Mwanaume amesimama anakojoa: picha ya kwanza mkojo mnene, unaruka mbali, inayofuata mwembamba, hivyo hivyo mpaka ya mwisho, matone yanadondokea viatu. Chini yake nyuso, moja inacheka, nyingine inalia. Unagusa iliyo yako, basi. Hata asiyejua herufi anaelewa.

Sasa sikiliza alichofanya. Aliibandika kwenye ukuta wa kibanda cha mama ntilie, saa ya chai, watu wamejaa, akatuita mmoja mmoja tuje kugusa.

Alianza Mzee Kulwa, mkubwa wetu pale. Hakuzunguka, akagusa matone.

“Babu, bomba limeshika kutu,” kijana mmoja akasema, na kicheko kikapasuka. Renatus naye akacheka, mwanangu. Mtu aliyetumwa kututibu.

Mzee Kulwa akamtazama yule kijana. “Cheka, mjukuu wangu. Na wewe huzeeki kwa kurudi nyuma.”

Lakini Mabula, msimamizi wa duara letu, yeye hakucheka. Akasema, “Kumbe ndiye anayetuchelewesha. Kila mara kamba juu, kamba chini, babu anakwenda kukojoa. Kuanzia kesho asishuke.”

Halafu nikaitwa mimi.

Mwanangu, mkojo wangu nilikuwa naujua. Nilikuwa nasimama nyuma ya viroba vya mawe mpaka miguu inakufa ganzi, nakamua, kinatoka kidogo, nikifunga mkanda kinakuja kingine. Picha yangu ilikuwa ile ile ya Mzee Kulwa. Lakini Mabula alikuwa anaangalia kidole changu, na nyumbani kulikuwa na watoto wanaokula kwa kidole hicho. Nikagusa mkojo mnene. Wakapiga makofi. Walionifuata wote wakagusa hapo hapo, mpaka ile picha ikawa nyeusi kwa tope la vidole vyetu, na nyingine zote zimebaki nyeupe, ila alama moja ya Mzee Kulwa kwenye matone. Renatus hakujiuliza kitu. Aliikunja karatasi yake, akasema ukimtoa babu, wanaume wa hapa wazima, akapanda pikipiki.

Mzee Kulwa aliitwa hospitali, kule mjini Kahama, akapewa dawa, akapata nafuu. Mimi niliendelea kushuka. Masika yalipokuwa yanaisha mkojo ukafunga kabisa. Tumbo likawa gumu kama ngoma. Walinipakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, na kila shimo la barabara nililia kama mtoto. Hospitali wakaniwekea mpira wa kutolea mkojo, mfuko ukajaa, na daktari akaniambia figo moja imeshakufa kwa kungoja.

Kabla ya upasuaji alikuja muuguzi, umri wa binti yangu. “Shikamoo baba,” akasema, akavuta pazia, akanipa karatasi ya picha kama ile ya machimboni. “Nioneshe ulivyokuwa kabla haujafunga. Gusa tu, hakuna anayeona.” Nikagusa matone, nikagusa uso unaolia. Halafu nikalia kweli, na si kwa maumivu. Kumbe kilichokosekana kule kilikuwa pazia. Khanga moja ya mama ntilie ingetosha.

Watu hunipigia methali: mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa. Ila methali hiyo haimtaji aliyemfanya mgonjwa afiche. Mimi namtaja. Ni Renatus, aliyegeuza ugonjwa kuwa mchezo wa kijiweni. Na ni Mabula. Nilikutana naye stendi ya Kahama, nikamweleza yaliyonipata, akanijibu, “Si uligusa mwenyewe?” Nikamwambia, “Niligusa, lakini mkono uliushika wewe.” Akaondoka bila kuaga.

Basi nakuachia neno. Ukioneshwa picha hizo mbele za watu, kataa, omba kando. Wakikunyima kando, ondoka, tafuta zahanati yenye mlango. Lakini ukishakuwa ndani, gusa iliyo yako hata kama ni ya kuaibisha, maana dawa haiwezi kufuata mkojo wa uongo. Na kama siku moja utapewa wewe karatasi hiyo uwapelekee wanaume, au utapewa duara la kusimamia, usimfukuze mtu kazi kwa sababu kasema anaumwa. Ukifanya hivyo, unawafundisha wote waliobaki kusema uongo.

Mungu akulinde, mwanangu, ng'wana wane. Akupe maji yanayotoka bila kulazimishwa, akupe na watu wanaojua kufunga mlango. Wabeja, asante kwa kunisikiliza.