Mwenye Paa la Fibro

Tuliporudi Cyangugu baada ya mauaji ya kimbari, tukitoka Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, ambako mimi na mdogo wangu tulizaliwa, Papa hakutazama ziwa wala kilima alichotusimulia maisha yetu yote. Alitazama mapaa. Nyumba za mabati zilikuwa zimevuliwa, maana bati hubebeka na huuzika. Nyumba za fibro zilikuwa bado na mapaa yao, lakini yamepondwa kwa mawe na marungu, kana kwamba waporaji walikasirika kukuta kitu kisichoibika. Papa alisimama pale barabarani, mzigo bado uko begani, akasema, "Kazi iko."

Fibro ni zile karatasi nene za saruji, za rangi ya majivu, zenye mawimbi, walizopenda wazungu kuezekea shule, zahanati na maghala. Papa alizikata kwa msumeno Bukavu tangu ujana wake. Alijua kuzipanga, kuzitoboa, kuziba ufa. Hakuwahi kuezeka nyumba yake mwenyewe kwa fibro, maana zilikuwa vitu vya wakubwa. Sisi tuliishi chini ya mabati ya kutu huko, na tuliporudi tukaishi chini ya mabati ya kutu hapa.

Kazi yake kubwa ilikuwa kwa mtu mmoja tuliyemwita Patron. Huyu alikuwa na jengo refu la maduka na vyumba vya kupanga, kwenye barabara iteremkayo darajani Rusizi. Vita vya ng'ambo vilipoanza, na kisha vilipoanza tena, risasi zilizopotea zilivuka mto na kuja kuangukia paa lile. Sisi tulilala chini ya vitanda. Asubuhi Papa alikuwa juu ya jengo la Patron na msumeno wake. Alikata kipande, akakipuliza vumbi, akakijaribu, akakata tena. Aliposhuka nyusi zake zilikuwa nyeupe, na watoto wa jirani walimcheka kuwa amezeeka kabla ya chakula cha mchana.

Patron hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera hadi leo. Mtu mbaya unamchukia na unapumzika. Jioni alituma jagi la maziwa kwa mafundi wake, na wakati mwingine alilibeba mwenyewe. Kwetu maziwa si kinywaji tu, ni heshima, na fundi anayenyweshwa maziwa na tajiri hawezi kusema amedharauliwa. Zaidi ya hayo, kila fundi wa Bukavu na Cyangugu aliamini kwamba maziwa huosha vumbi kifuani.

"Kunywa yote," Papa alikuwa akimwambia mdogo wangu, aliyekuwa ameshaanza kupanda paa naye. "Maziwa inaosha kifua. Njo maana mie niko muzima."

Hakuwa mzima. Kikohozi kilianza kidogo kidogo, akakiita mafua, kisha akakiita moshi, kisha akaacha kukiita jina lolote. Mficha maradhi kilio humfichua. Alipoanza kupumzika mara kwa mara akipanda njia ya kutoka sokoni, njia aliyokuwa akiipanda huku akiimba, nilimkokota hospitali. Wakampa vidonge vya kifua kikuu. Alivimaliza vyote na hakupona. Mwishowe daktari mmoja kijana akamvuta maji pembeni mwa pafu kwa sindano ndefu, akamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?"

Papa akamweleza kwa majivuno. Daktari akaniita nje. Alisema katika fibro mna nyuzi za amiante, yaani asbesto, nyembamba kuliko unywele uliopasuliwa, na zikiingia pafuni hazitoki, si kwa maziwa si kwa dawa. Alisema ugonjwa wake hungoja miaka mingi sana kabla ya kujionyesha. Nikamuuliza kuhusu mdogo wangu. Akasema, "Amepumua kiasi fulani tayari. Asipumue zaidi." Kuanzia siku hiyo nilikuwa na kazi moja tu duniani, kumweka ndugu yangu mbali na paa lile.

Nilidhani serikali imenisaidia. Jumamosi moja ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, tulipomaliza kuzibua mifereji, tuliketi kwenye nyasi kusikiliza mkutano kama kawaida. Ofisa wa wilaya akatueleza kuhusu amiante. Alisema mwenye jengo lenye fibro ana wajibu, na wajibu huo hawezi kumsukumia mpangaji wala fundi. Ni lazima ajue zilipo na zikoje. Asizikate, asizitoboe, asizisugue. Awaambie wanaokaa chini yake. Akitaka kuziondoa, na ni lazima aziondoe, alete watu waliofunzwa, wenye mavazi na barakoa zao, wazilowanishe maji, wazishushe nzima bila kuzivunja, wazifunge kwa plastiki na kuzizika kwenye shimo lililoandaliwa. Nilimtafuta Patron kwa macho. Alikuwa anakwangua tope kwenye jembe lake kwa kijiti, kwa bidii ambayo jembe lile halikuwahi kuiona.

Haukupita muda akaja kwetu. Alikaa kwenye kiti cha Papa, kwa sababu Papa sasa alikaa kitandani tu, na alizungumza na mdogo wangu kana kwamba mimi ni pazia.

"Hao bantu ba mavazi, banatoka mbali na bako bei kali," alisema. "Wewe na benzako mutaitosha pale juu, muishushe, siku moja tu. Na fibro yote ni yenu, mubebe."

Ndivyo ilivyokuwa desturi yetu, na hakuna aliyeihoji: anayevua paa la zamani huchukua paa la zamani. Mji mzima ulijijenga upya hivyo, kwa vipande vya mapaa ya wengine. Kuna waliofulia juu ya fibro, waliofugia sungura ndani ya fibro, walioanika mihogo juu yake na kuisaga.

"Hapana," nikasema mimi. "Patron, ulisikia ofisa. Ni wewe mwenye jengo."

"Maman, mie siongee na weye."

"Basi mie nitaongea na gitifu." Gitifu ni katibu mtendaji wa sekta, na sitanii ninapomtaja.

Patron akaondoka bila kuaga. Nilijisifu nikidhani nimeshinda. Sikumjua vizuri, au labda nilijisahau mimi mwenyewe ni wa wapi, kwa kuzaliwa ng'ambo. Alirudi siku chache baadaye akiwa amevaa koti, akifuatwa na mchungaji wake na mtamba mwenye mimba, mweusi, mwenye kidoa cheupe kwenye paji. Akasimama mlangoni mwa chumba cha Papa, akasema kwamba fundi aliyemhifadhi na mvua miaka yote ya vita hawezi kufa bila ng'ombe. Alilia alipokuwa anasema. Naamini machozi yake yalikuwa ya kweli, na bado sikuyasamehe.

Papa hakuwahi kupewa ng'ombe. Baba yake alikuwa nao kabla ya kukimbia, na hadithi ya ng'ombe wale waliobaki nyuma ndiyo tuliyolishwa Bukavu badala ya nyama. Akaomba anyanyuliwe. Akasimama huku mdogo wangu amemshika kiunoni, akashukuru kwa maneno yote ya zamani, akivuta pumzi baina ya kila neno, na shukrani hizo zilikuwa ndefu na ngumu kutazama. Patron alipokwenda, Papa aliniita.

"Mambo ya kwenda kwa gitifu inaishia hapa. Muntu mwenye alikupa ngombe, haumupeleke ku leta, ku serikali."

"Papa, ile ngombe ni ya kutufunga kinywa."

"Ngombe ni ngombe," akasema. Majirani nao wakanisema. Fadhila za punda ni mateke, walisema, wakinitazama nikipita na beseni langu la nyanya.

Kwa hiyo nilibaki na njia moja, kumlinda ndugu yangu kwa mdomo na kwa macho. Nilimwapisha mdogo wangu kwamba hatapanda. Akaapa. Nikavuka daraja kwenda Bukavu na nyanya zangu, kama nilivyofanya wiki zote, maana nyumba ile ililishwa na beseni langu. Mchana huohuo risasi zikaanza kulia upande wa pili wa mji, watu wakakimbia kila upande, mpaka ukafungwa. Nilijificha kwa mama mmoja tuliyeuza naye. Nyanya zikaoza kwenye beseni. Vita havikuwa vimetangazwa na mtu yeyote, lakini nchi ile haikuhitaji matangazo. Nilisali, na nakiri sala zangu hazikuwa za wanaouawa. Niliomba mdogo wangu atimize kiapo.

Walipofungua daraja nilivuka na beseni tupu. Kabla sijafika mwisho wa daraja niliona jengo la Patron kwa juu, likimeta. Mabati mapya.

Nilipanda kilima kwenda nyumbani mbio, nikafika sina pumzi. Mdogo wangu alikuwa uani na msumeno wa Papa mkononi, mweupe kuanzia nywele hadi nyusi, akitabasamu. Nyuma yake kulikuwa na kibanda kipya cha ng'ombe, kimeezekwa fibro vizuri sana, mistari imenyooka kama alivyofundishwa. Papa alikuwa ameletewa mkeka nje. Alikuwa akielekeza kwa kidole pale ambapo bado panahitaji kukatwa.

"Yaya, dada yangu, usikasirike," mdogo wangu akasema. "Ngombe hawezi lala mu mvua. Na Patron alisema, bantu bake bako tayari kupanda. Ningekatala, bengine bangebeba fibro yote."

Nilimnyang'anya msumeno. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Kisha nikashuka, nikiwa na vumbi la safari, moja kwa moja hadi kwa gitifu, na katazo la Papa nikaliacha pale uani.

Maofisa walikuja, hilo sitawanyima. Walipitia kwanza kwa Patron. Aliwakaribisha, akawaonyesha mabati mapya, akawaambia jengo lake halina amiante tena, na kweli halikuwa nayo. Wakauliza zimekwenda wapi, akawaelekeza. Walipofika kwetu mmoja wao alizunguka kibanda, akagusa ukingo uliokatwa kwa ncha ya kalamu, akarudi nyuma.

"Hizi fibro ni za nani?" akauliza.

Nikafungua kinywa. Papa akanitangulia. Alijiinua kwenye mkeka peke yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu masika, akashika nguzo ya kibanda.

"Ni mie," akasema. "Mie njo mwenyewe."

Alisema hivyo kwa fahari. Fundi aliyeezeka fibro za watu maisha yake yote alikuwa na paa lake la fibro. Ofisa akamweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mzee, kwamba mwenye jengo ana wajibu. Asizikate. Asizitoboe. Alete watu waliofunzwa, wenye mavazi. Papa aliitikia kwa kichwa kila sentensi, mtu mzima anayesikilizana na serikali.

Alikufa kabla mvua hazijaisha. Hao watu wa mavazi hatujaweza kuwaleta, na kibanda sasa ni cha mdogo wangu, pamoja na wajibu wake. Asubuhi namsikia akikohoa akitoka kukamua. Ananiambia ni moshi wa jikoni, na inawezekana ni moshi kweli. Daktari alisema ugonjwa huu hungoja miaka mingi. Basi namsikiliza kila asubuhi, na sijui nitasikiliza hadi lini.